Usibaki kwa Ajili ya Simiyu

Kitengela,
Jumapili usiku

Nafula mwanangu,

Sitakuambia uvae sweta, wala upige simu ukifika, wala uangalie mizigo yako stendi. Hayo unayajua, na ukiyasahau baridi ya Eldoret itakukumbusha. Ninakuandikia kwa sababu wakati wa chakula ulisema neno, nami nikapiga kelele badala ya kukujibu. Sasa umejifungia chumbani, baba yako amejitia usingizi, na mimi nimebaki mezani na ugali ambao hakuna aliyeumaliza.

Ulisema huendi. Tiketi ya basi la asubuhi imekatwa, sanduku limefungwa kamba, nafasi ya chuo umeililia tangu matokeo yatoke, kisha unaosha mikono na kutangaza kama mtu anayeomba chumvi: "Mama, niko na plan. Nita-defer mwaka moja tu, mpaka Simiyu apate nafuu." Baba yako aliangalia dari. Mimi niliuliza nafuu gani, nikauliza tena kwa sauti zaidi, na nilipouliza mara ya tatu jirani alizima redio yake ili asikie vizuri.

Basi ngoja nikuulize kwa karatasi, maana karatasi haina majirani. Nafuu gani, Nafula? Nani amekuambia kuna nafuu? Nimeudhika mpaka kalamu inatoboa. Nadhani kosa ni letu, kwa sababu habari za ndugu yako uliziokota vipande vipande nyuma ya mlango, na hakuna aliyewahi kukuketisha chini akakupa habari nzima. Mimi hapa nakupa.

Simiyu alipozaliwa wewe ulikuwa mtoto wa kuburuta blanketi. Kitengela nayo ilikuwa changa. Nyumba zilikuwa chache na nyumbu walipita nyuma ya choo chetu. Alikuwa mtoto mzuri, mnene, mwenye sauti. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kwenye nepi zake nilikuta punje kama mchanga wa rangi ya chungwa. Nilizisugua nikilaani vumbi la barabara ya Namanga, nikalaani maji ya kisima, nikalaani sabuni. Mama Nashipae, yule Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa, ndiye aliyeinama akatazama akasema, "Yeyo, mama, hii si vumbi. Hii imetoka ndani ya mtoto. Peleka yeye kliniki."

Nilimpeleka. Waliniambia mtoto hanywi vya kutosha. Nikamnywesha. Miezi ikapita, shingo haikukaza. Nikarudi, wakasema nina haraka, wavulana huchelewa. Alipotimiza mwaka alikuwa hajakaa, na mikono ilianza kujinyonga yenyewe kama nguo inayokamuliwa. Hapo tukapewa jina, mtindio wa ubongo, na tukabeba jina hilo kwa miaka kama watu waliovalishwa viatu vya mtu mwingine. Halafu meno yakaota, na Simiyu akaanza kujiuma. Hakujiuma kama mtoto anayeota meno. Alijiuma kuondoa nyama, midomo na vidole, huku akilia kwa maumivu na asiweze kuacha. Hilo uliliona, sina haja ya kukueleza.

Kukhu yako, mama wa baba yako, alikuja kutoka Kimilili kututazama. Alikaa pale kwenye kochi la kahawia, akamtazama mjukuu wake, akanigeukia mimi. "Kwetu hakuna kitu kama hii," akasema. "Hii imetoka kwenu." Nilimpikia kuku, nikamwandalia maji ya kuoga, nikamsindikiza hadi barabarani akirudi, na moyoni nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua. Baba yako hakusema kitu. Kwa hilo nilimnyima maneno karibu mwezi mzima, naye hakutambua mapema, kwa kuwa yeye mwenyewe si mtu wa maneno.

Ilichukua muda mrefu sana kumfikia yule daktari wa watoto wa Nairobi. Tulipokezwa kutoka mlango hadi mlango, na kila mlango uliuliza maswali yaleyale kama vile tulikuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Yeye alisikiliza habari ya mchanga wa rangi ya chungwa mpaka mwisho. Ndiye wa kwanza. Akaagiza mkojo, akaagiza damu, sampuli nyingine ikapelekwa ng'ambo, tukangoja. Majibu yalipokuja alituambia kwamba Simiyu amekosa kitu kimoja. Yeye alikiita enzaimu. Mwalimu wenu wa Kiswahili angesema kimeng'enya. Jina lake refu lilinipita masikioni, na ufupisho wake ni herufi tupu.

Nilirudi nyumbani sijaelewa. Baba yako ndiye aliyenielewesha, yeye aliyeshinda maisha yake yote kwenye stoo ya kiwanda cha saruji. Mwili, alisema, unabomoa na kujenga kila siku, kama Kitengela hii. Katika kubomoa hutoka vipande vidogo viitwavyo purini. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuokota vipande hivyo na kuvirudisha kwenye ujenzi. "Ni kama saiti ya ujenzi haina mtu wa kunyoosha misumari," akaniambia. "Ile imepinda inatupwa chini, na fundi kila siku anaagiza mpya. Mwishowe uwanja wote ni misumari." Hiyo misumari ya mwilini ndiyo asidi ya yuriki. Ikizidi inaganda kuwa chembe kali, inakaa kwenye figo, inakaa kwenye viungo. Ndio mchanga niliokuwa nikiusugua.

Kimeng'enya kimoja, Nafula! Mwili una maelfu, na mtoto anakosa kimoja tu, mwokota misumari, mtu ambaye hata kwenye saiti hakuna anayemjua kwa jina, na maisha yake yote yanakwenda mrama. Nilitaka kupiga kitu. Nikamuuliza daktari siku iliyofuata, sawa, figo nimeelewa, lakini kukosa kuokota vipande kunamfanyaje mtoto ajitafune? Alivua miwani. "Mama, hapo hata sisi bado tunatafuta," akasema. Kwa jibu hilo nilimkasirikia na kumheshimu kwa pamoja.

Halafu nikauliza imetoka wapi, na hapo alichora. Mviringo kwa mama, mraba kwa baba, mstari unaoshuka. Inashuka kwa mama. Msichana anaweza kuibeba asiugue hata siku moja. Mvulana akiirithi, anaugua. "Hakuna mtu amefanya makosa," alisema, kwa upole, nami nilisikia sauti ya Kukhu kwenye kochi la kahawia. Imetoka kwenu. Unajua uchungu wa kugundua kwamba aliyekutukana alisema kweli? Nilikumbuka kwamba mama yangu alizaa mvulana kabla yangu, aliyekufa mdogo, na kwetu walisema alirogwa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikifungwa matambaa. Hakuna aliyetaka kumzungumzia. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

Baba yako alipanda gari kwenda Kimilili peke yake kumweleza mama yake. Sijui alisema nini. Najua tu kwamba Kukhu alipokuja tena alileta blanketi la Simiyu na hakurudia yale maneno mpaka alipofariki.

Tulipewa dawa. Ile dawa inazuia kimeng'enya kingine, kile kinachotengeneza hiyo asidi, kwa hiyo figo zinapumua. Inafanya kazi yake, siwezi kuisingizia. Lakini mimi nilitaka ifanye na kazi ambayo si yake. Kila asubuhi nilimpa kidonge nikitazama vidole vyake. Nilidhani misumari ikipungua, kuuma kutapungua. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba haitagusa mikono wala mdomo, nikamsikia kama mtu anayesikia mvua juu ya bati la jirani.

Na nyama. Hili utalicheka siku moja, mimi bado sicheki. Mtu fulani pale zahanati alisema purini ziko kwenye nyama, kwenye dagaa wa omena, kwenye maharagwe. Nikavifagia vyote kutoka jikoni. Tukakaa Kitengela, mji ambao hata mgeni anayepita kwenda Namanga husimama kula mbavu, tukila sukuma wiki na ugali na kabichi, kabichi na sukuma wiki. Baba yako, Mbukusu mzima, alikuwa akirudi kazini ananukia moshi wa nyama, anaapa kwamba alipita tu karibu na jiko la watu. Wewe ulikuwa mwembamba kama ufagio. Nilipomwambia daktari kwa fahari, alishika kichwa. "Mama, hiyo asidi nyingi mwili wake unatengeneza wenyewe. Pea watoto chakula." Muda wote huo niliwanyima ninyi kitu ambacho hakikumsaidia yeye. Kosa hilo linaniudhi hata leo nikikata vitunguu.

Alichotaka daktari ni maji, maji mengi kila siku. Kitengela! Ungemsikia alivyosema, kama mtu anayekaa kando ya mto. Mifereji yetu ya maji hupiga miluzi ya hewa tu. Ndiyo sababu ulikua ukiamka kumngoja mwenye punda wa maji langoni, ukigombania mapipa na watu wazima, na ndiyo sababu unajua kutukana kwa Kimaasai kabla ya kujua kusalimia vizuri.

Sasa nifike kwenye paipu, kwa sababu paipu ndizo zinazokubakiza.

Baba yako alikata paipu ya maji ya plastiki, akaipasua, akaitandika ndani kwa blanketi kuukuu, akatoboa matundu ya kamba. Simiyu akivaa, kila mkono na paipu yake, kiwiko hakikunjiki, na mkono usiokunjika haufiki mdomoni. Tulidhani tunamfunga. Siku ya kwanza alipovaa alinyamaza, akalegea, akacheka. Alikuwa akiziomba mwenyewe. Tukichelewa kumrudishia baada ya kumwosha alipiga mayowe kama mtoto aliyeachwa juu ya paa. Huniambia, "Mkono ni mbaya, Mama. Shika yeye." Kwake si kifungo. Ni kama kumfungia nje mtu anayekuwinda.

Nilijua hivyo. Nilijua vizuri sana, na bado nilifanya nililofanya siku akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea. Nilisikia nyimbo zao langoni. Nikawaza watakachosema: mama gani huyu anamtia mtoto kwenye paipu? Nikamvua. Nikazisukuma chini ya kitanda. Simiyu akaanza kulia, "Rudisha, Mama, rudisha," nami nikamwambia, "Nyamaza, wageni wako mlangoni." Nilimvalisha shati jeupe.

Waliomba kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, mikono juu. Mimi pia nilifumba. Tulipofumbua, shati lilikuwa jekundu na kidole chake cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeliwa hivyo unavyokijua. Mmoja akaanza kukemea pepo. Na wewe, mtoto wa darasa la tatu, ulitambaa chini ya kitanda ukatoka na paipu zote mbili, ukasema mbele ya watu wote, "Ni Mama ametoa. Hakutaka muone."

Nami nikasema, "Msimsikilize. Huyu ni mtoto mwongo."

Unakumbuka? Nadhani unakumbuka kuliko mimi. Hukulia. Ulimvalisha ndugu yako, mkono huu, mkono ule, ukafunga kamba, na jioni ukaja jikoni kuniomba msamaha. Msamaha wa nini? Wa kusema kweli. Nikaupokea! Nilisema, "Sawa, usirudie," nikaendelea kuchambua mchele. Nafula, ningepewa neno moja la kurudisha mdomoni mwangu katika maisha yote, ningechagua hilo "sawa".

Tangu siku ile mvalishaji ukawa wewe. Kila asubuhi kabla ya shule ni wewe, kila jioni ni wewe. Nikijaribu mimi ulisema nimekaza sana. Akijaribu baba yako ulisema amelegeza. Hukwenda safari za shule. Yule rafiki yako wa Kisaju aliacha kukualika. Majirani walikusifu, nami niliona fahari, nikasema nina binti kama almasi. Kumbe binti yangu alikuwa akilinda nyumba ili mama yake asije akamvua tena ndugu yake kwa ajili ya wageni. Ulikuwa askari, na aliyekuwa akilindwa dhidi yake ni mimi.

Sijawahi kumvua tena. Ulipaswa kuambiwa hivyo zamani. Leo jioni, wewe ukiwa umejifungia, nilimwosha na kumvalisha. Niliacha nafasi ya vidole viwili kati ya blanketi na ngozi, kama unavyotaka. Aliniangalia kwa lile jicho lake la kukagua akasema, "Afadhali." Hiyo ni digrii nimepata.

Kuhusu damu yako nitasema mara moja. Inawezekana unabeba, inawezekana hubebi. Daktari alisema ni nusu kwa nusu, kama sarafu. Ukitaka kujua, inaweza kupimwa, ulizia. Usipotaka bado, usijilazimishe. Lakini mwanamume akija kwa nia ya kweli, mweleze mapema, kabla wazee hawajaketi kuzungumza mahari. Sikwambii hivyo kama mtu mwenye hatia anayeungama. Nakwambia kwa sababu atakayekimbia ni heri akimbie viatu vikiwa bado miguuni. Na mama mkwe akikuambia imetoka kwenu, mwambie ndiyo, imetoka kwetu, karibu chai. Mimi ningejua kusema hivyo ningekuwa nimelala usingizi mwingi zaidi.

Sasa kuhusu Simiyu mwenyewe, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mezani. Unamjua mdomo wake. Ugonjwa humtoa matusi kama unavyoyapeleka meno yake kwenye vidole. Humtemea mate anayempenda, humwita mjinga, na dakika haijaisha anaanza, "Pole, pole, si mimi." Baba yako huitwa ng'ombe na kuombwa msamaha kabla hajavua kofia. Leo nikimfunika nilimwambia unafikiria kubaki. Akasema, "Aende. Amenichosha na macho yake. Kila saa ananiangalia kama chungu kwa moto."

Nikangoja ile "pole". Nilikaa kitandani nikangoja, nikamkunjia blanketi, nikangoja. Haikuja. Aligeuza uso ukutani akaniuliza kama chuo kina televisheni.

Kwa hiyo usiseme unabaki kwa ajili yake. Yeye hakukutuma. Wala nafuu haiji mwaka huu, wala mwaka ujao. Dawa ile ni ya figo, paipu ni za mikono, na zaidi ya hapo ni sisi tu. Daktari alisema vijana kama yeye huishi, na wengine hawaishi sana. Nimekaa na neno hilo miaka yote na sikulileta mezani, nalo limechacha ndani yangu. Ukingoja apate nafuu ndipo uende, maana yake, bila wewe kutaka, utakuwa unangoja afe. Sitaki mwanangu mmoja angoje hivyo juu ya mwingine. Wala yeye hastahili kuangaliwa na mtu anayengoja.

Najua utasema, "Mama, ukisema hivyo unanifukuza." Ndiyo. Na sasa nikwambie kwa nini nilipiga kelele vile, maana umelala ukidhani nilikasirika kwa sababu ya tiketi.

Uliposema huendi, nilifurahi.

Kabla ya hasira, kabla sijafungua mdomo, nilifurahi, Nafula. Mwili wangu wote ulishuka chini kama mtu aliyetuliwa mtungi. Nikaona kesho uko langoni na mwenye punda, uko kwenye kamba za paipu, uko jikoni unaniambia nimeweka chumvi nyingi. Nikaona mwaka mmoja, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake sisi wawili wanawake wazee katika nyumba hii, na nilikuona hivyo na bado nilifurahi. Ndipo nikakupigia kelele. Nilikuwa najipigia mimi.

Leo nimeweza. Sijui kama nitaweza mara ya pili, kwa sababu mtu mchovu huzoea haraka, na mwakani ukisema tena "Mama, nitabaki," huenda nikanyamaza na kukuongezea mboga. Kwa hiyo usinipe nafasi hiyo. Asubuhi usije kuniuliza kama niko sawa. Usiingie kwa Simiyu kukagua kamba. Chukua sanduku, baba yako atalibeba hadi barabarani, na ukinikuta mlangoni nimekushika mkono, uvute utoke.

Mama yako